Jina bila nyumba, nyumba bila jina: kukitafuta kitongoji cha babu kwenye ramani ya zamani ya Rufiji

Swali: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alizaliwa bondeni Rufiji, ng'ambo ya mto ukitokea Ikwiriri, akahamishwa na wenzake mwaka 1969 wakati wa operesheni. Dada yake, bibi yetu, bado yupo Ikwiriri, na anasema kitongoji chao kilikuwa na msikiti mdogo na miembe mingi. Kwenye ramani ya simu hakipo. Mtu mmoja kanitumia picha ya ramani ya Waingereza yenye vidoti vyeusi na majina. Jina la kwetu nimeliona, lakini limekaa mahali pasipo na doti hata moja; na pembeni, kama kilomita moja kuelekea mtoni, kuna vidoti kibao visivyo na jina. Ramani hii ni ya kuaminika? Nikitaka kufika pale kwa GPS nifanyeje? Wajomba wanasema pia itatusaidia kudai shamba. (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hicho ulichokiona, jina lisilo na nyumba na nyumba zisizo na jina, watu wengi hukipita wakidhani mchoraji alikosea. Hakukosea. Kwenye ramani zile majina na nyumba viliingia kwa milango miwili. Nyumba ziliingia kupitia kamera ya ndege, majina yakaingia kupitia sikio la karani. Aliyechora nyumba hakumjua aliyeandika jina, na mara nyingi miaka ilipita kati ya kazi ya huyu na ya yule. Ukilishika hilo, ramani yako itaanza kusema.

Nianze na kwa nini ilichorwa. Wajerumani walikuwa na ramani ya koloni lao lote, ile ya wachora ramani Sprigade na Moisel, ya skeli 1:300,000. Ilikuwa kazi kubwa kwa wakati wake, lakini sentimita moja ni kilomita tatu, na sehemu kubwa ilitokana na maafisa waliotembea na msafara, wakaandika kilichokuwa kando ya njia. Kijiji kilichokuwa mbali na njia hakikuingia. Ndiyo maana Mohoro ipo tena kwa herufi nzito. Ilikuwa boma, na ndipo Kinjikitile Ngwale aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa imeanza tu. Vitongoji vya bondeni humo havimo, au vimo kwa jina la jumbe aliyempokea Mjerumani siku ile.

Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1946, Uingereza iliunda idara moja ya kupima makoloni yake yote, iliyoitwa Directorate of Colonial Surveys. Mwaka 1957 ikabadilishwa jina kuwa Directorate of Overseas Surveys, kwa kifupi DOS, herufi utakazoziona kwenye ukingo wa karatasi yako. Mkuu wake wa kwanza, Martin Hotine, hakuwa mgeni Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa huku akipima kipande cha Tanganyika cha ule mstari wa pembetatu unaofuata meridiani ya 30. Idara yake ilikusudia kuchora kwa skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita moja ni mita 500 na karatasi moja hufunika robo ya digrii kwa robo ya digrii, kama kilomita 27 na nusu kila upande. Fedha zilitoka kwa sababu wakubwa walitaka mipango ya maendeleo. Mradi wa karanga wa 1947 ulikuwa umewafundisha kwa maumivu gharama ya kulima nchi usiyoijua. Kwa Rufiji hamu ilikuwa mpunga, pamba, na maji ya kuzuiwa kule kwenye korongo la Stiegler. Shirika la FAO lilifanya utafiti wa bonde zima, ripoti yake ikatoka 1961. Bwawa lenyewe, kama ujuavyo, limekuja kuanza kujazwa Desemba 2022.

Nayasema haya kwa sababu ramani hubeba haja ya aliyeilipia. Mhandisi wa maji alitaka mto, kinamasi, mwinuko na barabara. Kitongoji cha babu yako kwake kilikuwa alama ya kwamba hapa pana watu, basi.

Sasa mlango wa kwanza, ndege. Kati ya 1946 na 1952 picha nyingi za Afrika zilipigwa na ndege za Lancaster za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza; baadaye kazi ikapewa makampuni ya kukodi. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, kila picha ikirudia kama asilimia 60 ya ile iliyotangulia, ili picha mbili zikitazamwa pamoja kwa stereoskopu nchi iinuke, uone kilima kama kilima. Kazi hii ilihitaji mbingu nyeupe. Masika Rufiji hakuna mbingu nyeupe, kuna mawingu na mafuriko. Basi ndege ilisubiri kiangazi, kuanzia Juni hivi. Waulize wazee wa Rufiji Juni na Julai watu walikuwa wapi.

Walikuwa shambani. Mpunga unakomaa, ndege na nguruwe na viboko wanausubiri kwa hamu kuliko mwenye shamba. Maji yanaposhuka inapandwa mlau, mahindi na pamba za kwenye unyevu wa mafuriko. Familia nzima inahamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, na kulala huko wiki hata miezi. Mrufiji wa zamani alikuwa na kwao pawili, na kamera ikamkuta kwenye moja.

Halafu kuna hesabu ndogo. Picha nyingi za enzi ile zina skeli ya kati ya 1:30,000 na 1:40,000 hivi. Nyumba yenye upana wa mita nne, kwenye picha ya 1:40,000, ni sehemu ya kumi ya milimita. Mchoraji aliyekaa Tolworth, pembezoni mwa London, ambaye hajawahi kukanyaga Utete, makao ya wilaya ya Rufiji, alitakiwa aione hiyo sehemu ya kumi ya milimita kwa lenzi na kuiwekea doti. Dungu lililo peke yake katikati ya shamba lililovunwa aliliona, maana lina kivuli na pembeni yake peupe. Nyumba ya makuti chini ya mwembe hakuiona. Aliona mwembe.

Umesema bibi anakumbuka miembe mingi.

Sitaki kuapa bila kuiona picha yenyewe, lakini ukiniuliza ninavyoisoma karatasi yako, kwenu ni pale penye jina pasipo na doti, chini ya miembe. Vile vidoti vya kuelekea mtoni ni madungu, pengine ya watu hao hao. Mchoraji alihesabu watu wa kitongoji chenu, ila aliwakuta shambani.

Niliwahi kuitandaza karatasi ya namna hii mbele ya wazee kwenye baraza la msikiti, upande wa Mkongo. Mmoja aliweka kidole kwenye rundo la vidoti ambalo mimi na wenzangu tulikuwa tumeshaliandika kwenye daftari kama kijiji kilichopotea. Akacheka. Akasema hapa hakuna aliyewahi kuzikwa. Tangu siku ile hilo ndilo swali langu la kwanza, kwa sababu watu hawaziki kwenye dungu. Penye makaburi ndipo palipokuwa kwao.

Mlango wa pili, majina. Rasimu ya kwanza ikishachorwa, mara nyingi bila kontua, mistari ya mwinuko, kabisa, ilirudishwa Tanganyika. Mpimaji na karani wakazunguka nayo wakiuliza: hapa panaitwaje? Yule anayeulizwa ni jumbe, au mtu aliyekutwa njiani. Hapo ndipo mambo matatu huharibika, na yote matatu utayakuta Rufiji.

La kwanza ni kwamba jina la Kirufiji aghalabu ni la eneo lote, kuanzia ukingo wa mto hadi msituni, na nyumba ni sehemu yake tu. Karani alitaka jina la doti. La pili ni majina ya watu, Kwa Fulani, ambayo hufuata mtu. Akifa, au akihamia ng'ambo, jina linahama au linakufa naye. La tatu ni tahajia. Masikio ya watu wa nje yalichanganya l na r, na wenyeji wenyewe hutofautiana, ndiyo maana mto ule ule unauona Ruhoi karatasi hii na Luhoi ile. Kwenye ramani za Kijerumani ongeza mtihani mwingine: Kivinje wameiandika Kiwindje na Uzaramo ni Usaramo. Usitafute jina la kwenu kama ulivyofundishwa kuliandika shuleni. Litamke kwa sauti, halafu tafuta kila namna ambayo mgeni angeweza kulisikia.

Na hata jina likiwa sahihi, mwandishi wa ramani aliliweka palipokuwa na nafasi, lisifunike mto wala barabara. Kwa skeli hii neno lenye urefu wa sentimita mbili linafunika kilomita nzima ya nchi. Kwa hiyo kitongoji kiko karibu na jina; usidai zaidi ya hapo.

Delta yenyewe ina kitendawili chake, nikigusie kwa ufupi kwa kuwa wasomaji wa Kibiti wataniuliza. Kule nyumba nyingi za kwenye ramani zilikuwa kambi za wakata boriti, mikoko ikisubiri majahazi ya kwenda Ghuba. Vijiji kama Jaja, Kiomboni, Salale na Mbwera vipo hadi leo, lakini kambi ilikaa msimu na kuvunjwa. Doti ni doti, haikuambii ilikaa muda gani.

Turudi kwenye karatasi yako. Angalia ukingo wa chini. Pale pana tarehe zaidi ya moja, na watu hushika ile kubwa ya toleo, ambayo ndiyo isiyokuhusu. Unayoitaka ni mwaka wa picha za anga. Mafuriko makubwa yalikuja 1968, na kuanzia hapo hadi 1969 serikali ikawatoa watu bondeni kuwapandisha kwenye vijiji vya mwinuko, wengi upande wa kaskazini: Ikwiriri, Mkongo, Ngorongo, Mloka na kuendelea. Operesheni Rufiji ilitangulia zile za sehemu nyingi za nchi kwa miaka kadhaa. Ukikuta picha zilipigwa kabla ya 1968, una bonde la babu yako mikononi. Zikiwa za baada ya hapo, una bonde tupu lenye majina yaliyonakiliwa kutoka toleo la zamani. Na jihadhari na toleo lililochapwa miaka ya 1970 au 1980 ambalo limeongezewa barabara tu, nyumba zikaachwa zilivyokuwa. Linaonyesha watu wakikaa mahali ambapo walishaondolewa. Nimeona ripoti za kitaalamu zikihesabu kaya kwenye karatasi za aina hiyo.

Sasa GPS. Hapa nina kovu langu mwenyewe, ngoja nikuonyeshe.

Miaka ile nilikuwa na karatasi ya upande wa kusini, nikasoma namba za gridi kwa rula, nikaziingiza kwenye kifaa, nikawaongoza wazee wawili kwenda kwenye msikiti wao wa zamani. Kifaa kikasema tumefika. Tulikuwa ndani ya matete, maji magotini, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama kweli nimesoma. Msikiti ulikuwa nyuma yetu, kusini, juu pakavu, kama mita mia tatu. Kosa lilikuwa langu. Ramani zile zimefungwa kwenye msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na GPS ya simu inatumia WGS84. Umbo la dunia lililotumika kukokotolea si moja. Kwa Rufiji ukichukua namba za UTM, yaani gridi ya mita, za karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utapelekwa kaskazini kwa takriban mita 300 na magharibi kidogo, chini ya mita 100. Kwa mtu wa kusini ya mto, kaskazini ndiko kwenye maji.

Tumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure. Mwambie aliyekutumia akupigie upya picha ya karatasi ikiwa imelala juu ya meza, bila mkunjo, kamera ikitazama chini wima. Kama kuna mtu wa skana kubwa, bora zaidi. Kisha shika makutano ya mistari ya gridi, si chini ya sita, yaliyosambaa karatasi nzima, na uchague Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini. Programu itafanya ugeuzaji yenyewe. Lakini soma kwanza ukingoni kama gridi ni ya UTM, maana karatasi za mwanzo zilikuwa na gridi nyingine. Ikiwa si UTM, achana na gridi, tumia pembe nne za karatasi zenye latitudo na longitudo, na msingi ubaki Arc 1960.

Kosa ninaloliona kila siku ni watu kuibana ramani kwenye mto. Wanaona kona ya mto kwenye picha ya setilaiti na kona kama hiyo kwenye karatasi, wanazifunga pamoja. Rufiji haulali kitanda kimoja. Bondeni mto unakula ukingo huu na kuutapika ule, mkono mzima unaweza kuachwa ukawa ziwa. Ukibana kwenye mto umebana kwenye nyoka. Ukitaka kuhakiki kazi yako, tumia vilima, njia za zamani za juu ya mwinuko, au boma la Utete.

Hata ukifanya yote sawasawa, unene wa mstari wa nusu milimita ni mita 25 ardhini, na doti iliwekwa kwa jicho. Kubali duara la mita 100 hivi. Ndani ya duara hilo utafute kwa macho, na hapo miembe inarudi kazini. Nyumba ya udongo huyeyuka kwa masika machache, lakini mwembe huishi kumzidi aliyeupanda. Fungua picha ya setilaiti ya kiangazi, sogeza hadi kwenye jina lenu, utafute vichwa vya kijani kibichi vya mviringo vilivyokaa kwa kundi mahali ambapo pori halingejipanga hivyo. Nimepata vitongoji vitano kwa njia hiyo, na kwa viwili tu ndipo doti ya ramani ilikuwa imekaa mahali pake.

Kama unaweza kusubiri na kutoa fedha kidogo, itafute picha yenyewe ya anga badala ya ramani. Picha za DOS sasa zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland, kwenye National Collection of Aerial Photography, na huagizwa kwa kuwapa viwianishi vya eneo. Kwenye picha mchoraji hajaamua chochote kwa niaba yako: utaona njia za miguu zinavyokutana mahali fulani chini ya miti, na njia hazikutani pasipo na watu. Karatasi zenyewe ulizia Idara ya Upimaji na Ramani, Wizara ya Ardhi. Na ukipita Nyaraka za Taifa, omba Kitabu cha Wilaya cha Rufiji, zile kumbukumbu walizojiandikia maofisa wa wilaya, uangalie majumbe na maeneo yao. Jina la jumbe wa babu yako litakuokolea wiki nzima ya kutafuta.

Kuhusu shamba nitasema machache, mimi si wakili. Ramani ya DOS haionyeshi mpaka wa shamba la mtu na haikukusudiwa hivyo. Inaweza kuthibitisha kwamba watu walikaa na kulima eneo fulani mwaka fulani, basi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ina kifungu, cha 15, kinachotambua ugawaji uliofanywa wakati wa kuhamia vijijini kati ya 1970 na 1977. Ninyi mlihama kabla ya hapo. Sijui wakili atalichukuliaje, lakini mpelekee tarehe hizo kabla hujampelekea ramani, na wajomba wasitoe hela kwa mtu yeyote anayeuza ramani ya zamani kama hati.

Kabla ya yote hayo, panda basi uende Ikwiriri kwa bibi, usimpigie simu. Usimuulize kitongoji kilikuwa wapi, atakuonyesha kwa kidole tu. Muulize walichota maji wapi na ilichukua muda gani kurudi na ndoo. Muulize jua lilichwea upande wa mto au upande wa msitu. Dungu lao lilikuwa kwa nani, na walilala huko siku ngapi. Muulize walizikwa wapi wazazi wake. Andika majina yote atakayoyataja, hata ya miti na mabwawa, kama anavyoyatamka, kisha kaa na ile karatasi uone mangapi yamo. Nitumie na picha ya ukingo wa chini, inayoonyesha namba ya karatasi na mwaka wa picha, na uniambie msikiti ulikuwa upande gani wa miembe.